Kisa cha Ibn Shanbudh na Mizani ya Visomo vya Qur'ani

 

Vijana wanaohudhuria mihadhara wamekuwa wakituuliza swali moja mara kwa mara: je, ni kweli kwamba palikuwa na misahafu iliyotofautiana, na kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru ichomwe moto? Baadhi ya wahadhiri wetu, kwa nia njema, hujibu kwamba haijapata kuwapo tofauti hata ya herufi moja. Jibu hilo si sahihi. Kijana huyo akifungua Sahihi al-Bukhari ataikuta habari ya kuchomwa, na akifungua tafsiri ya at-Tabari atakutana na kisomo cha Ibn Mas'ud (r.a.) mahali pengi. Hapo atadhani kuna jambo amefichwa. Wanazuoni hawakuficha kitu. Sisi ndio tuliosoma vitabu vyao nusunusu.

Asili ya jambo inajulikana. Baada ya vita vya Yamama, ambamo mahafidhi wengi waliuawa, Abu Bakr (r.a.) alimwagiza Zayd bin Thabit (r.a.) aikusanye Qur'ani. Kiasi cha mwaka 25 Hijria, Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) alirudi kutoka Armenia na Azerbaijan akiwa amewaona askari wa Sham na wa Iraq wakibishana juu ya visomo. Uthman (r.a.) akaziomba kurasa zilizokuwa kwa Bi Hafsa (r.a.), akamweka Zayd na wenzake wazinakili, akapeleka nakala mijini. Ibn Mas'ud mwenyewe, aliyekuwa Kufa, hakuridhia mwanzoni. Habari hii imo katika vitabu vyetu, wala hatukuipata kwa wapinzani.

Lakini kisa tunachotaka kukaa nacho kilitokea Baghdad karibu miaka mia tatu baadaye.

Wakati huo hati ya Kiarabu ilikuwa bado yaweza kuandikwa bila nukta wala irabu, na palikuwa na msomaji aitwaye Ibn Miqsam, bingwa wa nahau. Yeye alishika kwamba kisomo chochote kinachokubaliana na hati ya mus'haf na kanuni za Kiarabu kinafaa, hata kama hakuna mwalimu aliyekipokea kwa mwalimu. Katika Surat Yusuf, aya ya 80, panaposemwa kwamba ndugu zake Yusuf walijitenga kunong'onezana, neno *najiyyan* yeye alilisoma *nujabaa*, yaani watu bora. Ukiondoa nukta, mifupa ya maneno hayo mawili ni ileile. Mwaka 322 Hijria (934) aliitwa mbele ya mafakihi na wasomaji, akatubishwa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ibn Shanbudh, na kosa lake lilikuwa kinyume kabisa. Huyu alikuwa na isnadi. Alisafiri miji mingi, akakaa kwa mashekhe wengi, na visomo alivyosoma msikitini katika swala vilipokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud, Ubayy bin Ka'b na wengineo (r.a.). Ila havikuafiki hati ya Uthman. Katika Surat al-Jumu'a, aya ya 9, mahali pa *fas'au* alisoma *famdhu*. Katika Surat al-Kahf, aya ya 79, mfalme aliyekuwa nyuma ya wenye jahazi akawa yuko mbele yao, na jahazi ikaongezewa sifa ya uzima.

Waziri Ibn Muqla alimwita mbele ya kadhi na wasomaji, na aliyesimamia hoja alikuwa Ibn Mujahid, shekhe wa wasomaji wa Baghdad, mwenye kitabu cha visomo saba. Ibn Shanbudh hakunyenyekea. Aliwaambia kwamba wao hawakusafiri kutafuta elimu kama alivyosafiri yeye. Waziri akaamuru achapwe, naye akamwombea waziri mkono wake ukatwe. Mwishowe aliandikiwa hati ya toba, akatia sahihi. Miaka mitatu baadaye Ibn Muqla, ambaye watu wa hati wanamtaja hadi leo kwa uzuri wa mwandiko wake, alikatwa mkono wa kulia katika fitina za utawala. Wanahistoria wamelitaja jambo hilo pamoja na ile dua.

Sisi hatuoni kwamba mjeledi ulikuwa hoja. Mtu mwenye isnadi hujibiwa kwa elimu, na elimu ilikuwapo. Lakini tukiziweka kesi hizi mbili pamoja, mizani inaonekana wazi: Ibn Miqsam alikuwa na hati bila mapokezi, Ibn Shanbudh alikuwa na mapokezi bila hati, na wote wawili walikataliwa. Kisomo kilitakiwa kifunguliwe na funguo zote mbili, pamoja na usahihi wa lugha. Ibn al-Jazari (aliyefariki 833 Hijria) alikuja kuliandika sharti hilo kwa ukamilifu, lakini Baghdad lilikwisha kufanyiwa kazi.

Tuongeze kwamba kuchagua saba kulimletea Ibn Mujahid lawama kwa wanazuoni wengine, maana watu wa kawaida walidhani visomo saba ndizo zile herufi saba za hadithi. Dhana hiyo tungali tunaisikia.

Na visomo vilivyokataliwa vilikwenda wapi? Viliingia katika tafsiri na fiqhi. Mfano ni kafara ya yamini, Surat al-Maida, aya ya 89: kufunga siku tatu. Ibn Mas'ud alisoma kwa nyongeza ya neno lenye maana ya mfululizo. Mahanafi wakaichukua nyongeza hiyo kuwa dalili, wakawajibisha mfululizo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba si wajibu. Ikhtilafu ni ya hukumu. Mhanafi anayefunga mfululizo halisomi neno hilo ndani ya swala yake.

Kwa hiyo ilipogunduliwa mwaka 1972, katika ukarabati wa Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, hazina ya kurasa kongwe, na ikaonekana kwamba mojawapo ya misahafu hiyo ilikuwa na maandishi yaliyofutwa chini ya maandishi ya juu, mwanafunzi wa visomo hakuwa na sababu ya kutaharuki. Behnam Sadeghi na Mohsen Goudarzi waliyachapisha maandishi ya chini mwaka 2012: mpangilio wa sura ni mwingine, na maneno yamezidi au kubadilika hapa na pale, kwa namna ileile inayosimuliwa katika misahafu ya masahaba. Asma Hilali, mwaka 2017, aliona kuwa ni maandishi ya darasani. Maandishi ya juu ni ya hati ya Uthman. Kurasa mbili za Birmingham nazo, ambazo ngozi yake ilipimwa na matokeo kutangazwa 2015, ni za kati ya mwaka 568 na 645. Kipimo hicho ni cha ngozi, si cha wino, na tusikitumie kudai zaidi ya hapo. Hata hivyo, ile nadharia ya John Wansbrough ya mwaka 1977, kwamba Qur'ani haikutulia hadi kiasi cha karne ya tatu Hijria, imekuwa nzito kuibeba.

Turudi Baghdad kidogo. Ibn Mujahid na Ibn Shanbudh walisoma wote kwa Qunbul wa Makka, mpokezi wa kisomo cha Ibn Kathir. Ibn al-Jazari alipoandika an-Nashr na kutaja njia ambazo kisomo cha Qunbul kimefika kwake, alitaja mbili: moja ni ya Ibn Mujahid, na ya pili ni ya Ibn Shanbudh.