Usukani Ndani ya Mshipa: Historia Fupi ya Katheta Inayoongozwa

Mwaka jana mmoja wetu alimsindikiza shangazi yake hospitali, hapa Uingereza, ili amtafsirie. Moyo wa shangazi ulikuwa ukienda mbio bila mpangilio. Daktari alipendekeza kupitisha katheta kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, kisha kuchoma kwa joto sehemu ndogo inayoleta hitilafu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akashika kalamu, halafu akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Mwanangu, huo mpira utajuaje njia?"

Mwenzetu hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba madaktari wanaijua kazi yao, na shangazi akatia saini. Matibabu yalikwenda salama, lakini swali lilimkaa moyoni, akalileta kwenye kikao cha klabu. Wengi wetu tumewahi kutafsiri hospitalini kwa ajili ya wazee wetu, na wengi wetu tumewahi kujibu hivyo hivyo. Tulipoanza kusoma, tuligundua kwamba swali la shangazi ndilo swali lililowasumbua madaktari na wahandisi kwa miongo mingi. Makala haya yanafuata namna walivyolijibu, hatua kwa hatua, kwa kuuliza kila mara: ni kitu gani kilichoshika usukani?

Mpira uliosukumwa tu

Mrija wa kutoa mkojo ni kitu cha zamani sana, na hadi leo watu wetu wengi wakisikia neno katheta hufikiria "mpira wa mkojo". Safari ya kwenda kwenye moyo ilianza na mpira wa aina hiyo hiyo. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde karibu na Berlin, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kuonyesha kwamba mrija unaweza kufika moyoni bila kumuua mtu. Mkubwa wake alimkataza. Forssmann akamshawishi muuguzi Gerda Ditzen, aliyekuwa na funguo za kabati la vifaa, na Ditzen akakubali kwa sharti kwamba jaribio lifanywe kwake yeye. Forssmann alimfunga kwenye meza kana kwamba anamwandaa, kisha akaupasua mshipa wa mkono wake mwenyewe wa kushoto na kuuingiza mrija wa njia ya mkojo. Baada ya hapo walishuka pamoja hadi chumba cha eksirei. Akitazama picha kwenye kioo, aliusukuma mrija hadi sentimita 65, na ncha yake ikaonekana ndani ya moyo.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Lakini muuguzi alidanganywa, na Forssmann huyo huyo baadaye alijiunga na chama cha Nazi. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards walioiendeleza kazi hiyo New York, alikuwa amekwisha kuacha mambo ya moyo na ni daktari wa njia ya mkojo. Historia ya tiba haitupi mashujaa safi, na hatuoni sababu ya kuwasafisha.

Kwa upande wa usukani, jibu la Forssmann lilikuwa rahisi: hakukuwa na usukani. Mishipa ya vena inaporudi moyoni huungana na kupanuka, kama vijito vinavyoingia mtoni. Ukisukuma kwa upole, njia yenyewe itakupeleka. Shida inaanza unapotaka kwenda upande wa pili, kutoka kwenye mto mkubwa hadi kijito kimoja ulichokichagua.

Waya watangulia

Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger, daktari wa radiolojia wa Sweden, alichapisha mbinu ambayo bado inatumika kila siku. Unachoma mshipa kwa sindano. Unapitisha waya laini ndani ya sindano. Unaiondoa sindano na kuuacha waya. Kisha unaivisha katheta juu ya waya na kuiteleza hadi ndani. Hakuna haja tena ya kupasua ngozi na kuutafuta mshipa kwa kisu. Waya umekuwa mtangulizi, na katheta inafuata.

Mbinu hiyo ilifungua mlango. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Oregon, Charles Dotter alimtibu Laura Shaw, bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza kwa kukosa damu. Madaktari wa upasuaji walitaka kuukata, naye alikataa. Dotter alipitisha waya kwenye sehemu iliyobanwa, kisha katheta moja baada ya nyingine, nyembamba halafu nene, mpaka njia ikapanuka. Mguu ulipona na bibi akarudi kutembea. Huyu ndiye mtu wa kwanza katika historia hii ambaye kukataa kwake kulibadilisha tiba.

Mwaka 1967 Melvin Judkins, naye akiwa Portland, aliongeza jambo jingine: umbo. Alizipa katheta mikunjo maalumu kabla hazijaingia mwilini, mkunjo mmoja kwa ajili ya mshipa wa kushoto wa moyo na mwingine kwa ajili ya ule wa kulia. Ndani ya mshipa mkubwa katheta hujirudisha kwenye mkunjo wake, na ncha hutua karibu na mlango unaotakiwa. Njia ilikuwa imeandikwa ndani ya plastiki. Hata hivyo, umbo lisilobadilika linafaa tu pale unapojua mapema unakwenda wapi, na pale ambapo mwili wa mgonjwa unafanana na miili mingine.

Damu kama upepo

Hatua inayofuata ingemfurahisha nahodha yeyote wa mwambao wetu. Jeremy Swan, daktari kutoka Ireland aliyefanya kazi Los Angeles, alikuwa ufukweni Santa Monica mwaka 1967. Upepo ulikuwa mdogo na majahazi mengi yalikuwa yamesimama, ila moja lililotweka tanga kubwa lililotuna lilikuwa likisonga. Swan alijiuliza kama katheta nayo inaweza kutwekewa tanga.

Yeye na William Ganz walichagua puto dogo badala ya tanga. Katheta inaingizwa kwenye vena, puto linajazwa hewa karibu na ncha, na mkondo wa damu unalibeba kupitia upande wa kulia wa moyo hadi kwenye mshipa wa mapafu. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1970. Daktari aliweza sasa kupima shinikizo la damu ndani ya mshipa huo akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini jahazi lenye tanga bila usukani hufika pale upepo unapokwenda tu. Puto la Swan na Ganz haliwezi kurudi kinyume cha mkondo, wala kusimama mahali pamoja katikati ya moyo unaodunda.

Usukani wenyewe

Aliyeleta usukani halisi hakuwa daktari. Itzhak Bentov alizaliwa Czechoslovakia, akaishi Israeli, kisha akahamia Marekani, ambako alikuwa mvumbuzi wa karakana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alibuni katheta ambayo ncha yake inakunjwa kutoka nje. Kampuni ndogo iliyoitengeneza, Medi-Tech, ndiyo iliyokuja kuwa chimbuko la Boston Scientific mwaka 1979. Mwaka huo huo Bentov alifariki katika ajali ya ndege Chicago.

Kanuni yake inaeleweka na kila aliyewahi kuendesha baiskeli. Ukibana breki kwenye usukani, waya unavutwa ndani ya ala yake na kitu kinasogea mbali na mkono wako. Ndani ya katheta inayoongozwa mna waya mwembamba uliofungwa karibu na ncha, upande mmoja wa mrija na si katikati. Ukiuvuta kwa mpini, upande ule unafupika kuliko mwingine, na ncha inapinda. Ukiulegeza, ncha inanyooka.

Ugumu uko katika kuufanya mkunjo utokee mahali panapotakiwa tu. Waya ukivutwa, mrija mzima hutaka kupinda. Kwa hiyo shina lilisukwa kwa nyuzi za chuma ndani ya plastiki ili liwe imara, na sehemu ya mwisho ikaachwa laini. Msuko huo una kazi ya pili: daktari akizungusha mpini, mzunguko ufike kwenye ncha. Shina likiwa dhaifu, mzunguko hujikusanya njiani kisha hufyatuka ghafla. Shina likiwa gumu mno, ncha inaweza kutoboa ukuta wa moyo, na damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka. Mambo haya yote hutatuliwa ndani ya mrija wenye kipenyo cha milimita 2 hadi 3.

Kazi ya kwanza iliyoipa katheta hii sifa haikuwa ya moyo. Mwaka 1973 Joachim Burhenne alieleza jinsi ya kutoa mawe yaliyobaki kwenye mrija wa nyongo baada ya upasuaji. Alipita kwenye tundu lililoachwa na mpira wa kupitishia nyongo, akaiongoza katheta hadi kwenye jiwe, kisha akalinasa kwa kikapu kidogo cha waya. Mgonjwa aliepuka kupasuliwa mara ya pili.

Moyo ulisubiri miaka ya 1980. Mwaka 1982 zilitangazwa habari za kwanza za kukata njia ya umeme ndani ya moyo kwa katheta, kwa kutumia mshtuko wa umeme. Mshtuko ulikuwa na nguvu nyingi na ulisambaa. Baadaye ulikuja mkondo wa masafa ya redio, unaochoma eneo la milimita chache tu. Choma ndogo hivyo ina maana pale tu unapoweza kuigusisha ncha mahali hasa panapotakiwa na kuishikilia hapo. Mwaka 1991 Warren Jackman huko Oklahoma na Karl-Heinz Kuck huko Hamburg walichapisha matokeo mazuri ya kutibu njia za ziada za umeme moyoni. Joto lilifanya kazi kwa sababu usukani ulikuwa tayari.

Sumaku na roboti

Tangu hapo wahandisi wamejaribu kuuondoa mkono wa daktari kabisa. Mfumo wa Stereotaxis, kutoka St. Louis, huweka sumaku kubwa mbili kila upande wa meza, na ncha yenye sumaku hufuata uelekeo wake. Katheta inaweza kuwa laini sana kwa sababu haina haja ya nyaya za kuvutwa, na daktari hukaa mbali na mionzi. Hansen Medical nayo ilileta roboti inayoiendesha katheta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007. Mifumo ya aina hii ni ya gharama kubwa, na katika hospitali nyingi mpini wa mkononi bado ndio unaotumika.

Gharama ndiyo inayotugusa sisi. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayotibu moyo kwa katheta, na hiyo ni fahari. Lakini kifaa kilichotengenezwa kutumika mara moja kisha kutupwa kina bei nyingine kabisa kwa mgonjwa asiye na bima. Wenzetu mnaosoma uhandisi, tazameni tena historia hii: mpira wa mkojo, tanga la jahazi, kanuni ya breki ya baiskeli. Usukani rahisi zaidi bado unasubiri mtu wa kuubuni.

Jibu kwa shangazi

Mwenzetu amekwisha kurudi kwa shangazi yake na jibu. Alimwambia: "Shangazi, mpira haujui njia. Anayejua ni daktari, anayeiona kwenye picha. Ndani ya mpira mna waya kama wa breki ya baiskeli. Akiuvuta, ncha inakata kona." Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hilo lilikuwa gumu nini kuniambia siku ile, kabla sijatia saini?"

Hatukuwa na la kujitetea. Maneno ya kumjibu yalikuwepo katika Kiswahili siku ile. Sisi ndio tulikuwa hatujasoma.