Historia Iliyomo Chunguni

Vitabu vya historia ya Kenya vifikapo katika nchi ya Wagusii hutaja kwanza mkuki. Husimulia jinsi Waingereza walivyopeleka askari mwaka wa 1905, na jinsi Otenyo alivyomchoma mkuki ofisa wao, Geoffry Northcote, mwezi wa Januari 1908, kisha nchi ikaadhibiwa kwa moto na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Habari hizo ni za kweli na zastahili kukumbukwa. Lakini mkuki huinuliwa siku moja, na chungu huinjikwa kila siku. Basi, msomaji kijana, tuingie jikoni katika Kisii na Nyamira, tuone kama chungu hakina historia yake.

Hapo kale ng'ombe hakuwa kitoweo cha jioni. Alikuwa mahari, akiba, maziwa na heshima ya ukoo. Vijana wa kiume walikaa katika maboma ya ng'ombe yaliyoitwa ebisarate wakilinda mifugo usiku na mchana dhidi ya wanyang'anyi. Mtu hakuchinja kwa sababu ya uchu. Alichinja kwa karamu au kwa sadaka, au aliposhindwa kumwokoa mnyama mzee. Nyama ya mnyama mzee ni ngumu, na haikuwako njia ya kuilainisha ila kuiweka motoni kwa saa nyingi, moto mdogo, chungu kimefunikwa.

Sababu yake twaijua leo kwa elimu ya sayansi. Ndani ya nyama mna kano na tando ngumu zinazoshika nyuzi zake pamoja. Tando hizo haziyeyuki kwa moto mkali wa dakika chache. Huyeyuka polepole katika joto la wastani, zikageuka kuwa uteute mzito unaoupa mchuzi ladha. Tena mji wa Kisii uko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700, na huko maji huchemka katika nyuzi 94 hivi, wala si 100. Kuongeza kuni ili maji yatokote kwa fujo hakuyazidishii joto hata kidogo. Kwaongeza mvuke na kumaliza kuni tu. Mama wa Kigusii hakuwa na kipimajoto, lakini kwa kuondoa kuni chungu kilipoanza kuchemka alitenda sawasawa na sayansi hiyo.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa mboga pia. Chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, ni chungu mdomoni. Huchemshwa kwa muda mrefu, hutiwa maziwa, huachwa ikae chunguni, na siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. Huliwa pamoja na rinagu, yaani mnavu, au peke yake, kwa ugali wa wimbi.

Kisha mambo yakabadilika. Miaka michache kabla ya vita vya 1914 Waingereza walizipiga marufuku ebisarate. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kufika Nyabururu, na Waadventista Nyanchwa, na shule zikafunguliwa. Mahindi yakachukua shamba la wimbi, na kabeji, karoti na viazi vikaingia bustanini. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambako wakulima Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa. Fedha ikaingia nyumbani, malisho yakawa mashamba. Nyama sasa ilinunuliwa kwa mizani katika masoko kama Keroka na Ogembo, na mwenye fedha kidogo alinunua kipande chenye mifupa na kano nyingi, kile kile kinachohitaji moto wa muda mrefu.

Hapo ndipo penye tatizo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Ardhi ikigawanywa hivyo, msitu unapatikana wapi? Mti unaoonekana mpakani ni mkaratusi wa kuuzwa. Kuni hununuliwa, au hutafutwa mbali, na anayezibeba aghalabu ni mwanamke au binti yake. Moshi wake humwingia machoni na mapafuni. Kwa hiyo nyumba nyingi zililazimika kuchagua: ama kula nyama ngumu, ama kutumia kuni nyingi, ama kuacha kuipika.

Shida hii si ya Wagusii peke yao. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1867 watu walionyeshwa sanduku la Kinorwe la kupikia: chungu kilichokwisha kuchemka kilifungiwa ndani yake, kikaendelea kuivisha chakula bila moto. Huko Marekani, Irving Naxon alisikia kwa mama yake habari za Wayahudi wa Lithuania, ambao hawawashi moto siku ya Sabato. Ijumaa jioni walipeleka vyungu vya nyama na maharagwe katika tanuri la mwoka mikate, na kesho yake wakala chakula cha moto. Kwa wazo hilo alibuni chungu cha umeme kinachopika polepole, akapewa hataza mwaka wa 1940.

Kwa asiyetaka gharama ya umeme, kuna kikapu. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililoanzishwa mwaka wa 1952, lilishiriki tangu 1983 katika mradi wa kueneza majiko yanayopunguza kuni, na akina mama wa Kenya wamefundishwa pia kupika kwa kikapu kisicho na moto. Kikapu kikubwa hujazwa majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, huku nafasi ya sufuria ikiachwa katikati. Nyama hukatwa vipande vidogo, hukaangwa kwa kitunguu, hutiwa maji, viazi na karoti, ikachemshwa kwa nusu saa. Kisha sufuria, ikiwa imejaa na bado yachemka, hufunikwa, huingizwa kikapuni, na juu yake huwekwa mto mzito. Baada ya saa tatu au nne nyama imelainika. Kabla ya kupakuliwa ichemshwe tena, kwa maana chakula kilichopoa na kuwa vuguvugu hukuza vijidudu.

Kikapu hiki hakileti jambo geni. Ni hekima ile ile ya chungu kilichofunikwa, ila joto limefungiwa lisipotee. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba upishi wa polepole ni desturi ya watu wasiojua thamani ya wakati. Chakula kikiwa kikapuni, mama yuko shambani au sokoni, na binti yuko kitabuni badala ya kupuliza moto. Mvulana asomaye haya asidhani kwamba hayamhusu: kikapu hakichagui mikono ya kukishona, wala sufuria haijui aliyeinjika. Na atakayeandika historia ya nchi hii siku zijazo aandike habari za Otenyo na mkuki wake, lakini asisahau kuuliza siku hizo watu walikula nini, na nani alizibeba kuni.