Namba na Majina ya Land Rover katika Njia za Singida

Katika historia ya usafiri wa Singida, mkoa ulioanzishwa mwaka 1963, Land Rover ina nafasi ya pekee, kwa kuwa njia za mchanga za Manyoni na udongo mweusi wa mbuga ya Wembere, unaonata wakati wa mvua, vilihitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Namba za gari hilo hazikuwa pambo: la kwanza, lililozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, lilikuwa na inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kipimo cha namna hiyo ndicho kilichozaa majina ya 88 na 109 yaliyofuata, hata dereva akaweza kujua kwa namba peke yake kama gari ni fupi au ni refu la kubebea abiria na mizigo. Uaminifu huo, ambao ulistahili kudumu, ulilegea miaka ya 1980, kwani gari lililoitwa 90 lilikuwa na karibu inchi 93. Baada ya Discovery kuzinduliwa mwaka 1989, namba tupu hazikutosha tena kutofautisha magari ya kampuni, ndipo mwaka 1990 likaja jina Defender, yaani mlinzi. Nchini Tanzania jina hilo lilishikamana na Jeshi la Polisi kiasi kwamba gari la doria lenye mabenchi nyuma huitwa difenda hadi leo, hata likiwa Land Cruiser, ambayo Toyota iliipa jina hilo mwaka 1954 ili ishindane na Land Rover yenyewe.