Jina la Mlima wa Jirani

Mwenye bidhaa hupenda ijulikane kwa jina alilolichagua yeye. Mnunuzi huitafuta kwa jina alilolisikia. Majina hayo yakipishana, bidhaa njema hukaa sokoni pasipo kuulizwa. Historia ya kahawa ya Akheri ni mfano wa mpishano huo.

Akheri ipo katika mteremko wa kusini wa Mlima Meru, penye migomba na mibuni. Kahawa yake, kama ya Wameru wengine, kwa miaka mingi ilipelekwa mnadani Moshi, chini ya mlima mwingine.

Mwaka 1952 majina ya milima yote miwili yalivuka bahari. La Meru lilikwenda New York kinywani mwa Kirilo Japhet, aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Engare Nanyuki, ambayo Wameru waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951. La Kilimanjaro lilichukuliwa na filamu ya Marekani iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway. Jina la kwanza lilibeba haki, lakini dai lake halikupata kura za kutosha. La pili lilibeba theluji, likapendwa hata Japani. Wauza kahawa wa huko walilishika, na kanuni zao huruhusu kahawa ya arabika ya Tanzania nzima, isipokuwa ya Bukoba, iitwe Kilimanjaro. Basi buni iliyochumwa Akheri yaweza kunywewa Tokyo kwa jina la mlima usiokuwa wake.

Je, mkulima alikatae jina hilo? Akilikataa, ni nani atakayemwona? Akiandika Meru peke yake, mtafutaji katika intaneti aweza kupelekwa Meru ya Kenya, nako ni nchi ya kahawa. Akiandika Akheri tu, wa mbali hawalijui neno hilo hata walitafute. Na akiandika Kilimanjaro tu, atauza mwaka huu, na mwakani mnunuzi hatajua amrudie nani.

Hapana budi majina yaandamane, kila moja na kazi yake: Tanzania na Kilimanjaro kwa yule asiyejua, Arusha na Mlima Meru kwa aliyekaribia, Akheri kwa aliyekwisha kuonja. Jina kubwa limfikishe mgeni mlangoni; jina dogo limjulishe nyumba ni ya nani.