Kidole, Sindano na Hadubini: Mafunzo ya Tiba kwa Vitendo katika Kampeni ya Malale, 1906–1914

Historia ya elimu ya tiba katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia darasani. Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, wenye miji ya Rumonge na Nyanza-Lac, unaonesha kwamba sehemu ya elimu hiyo ilianzia shingoni mwa mgonjwa.

Baada ya Robert Koch kuchunguza malale katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, utawala wa Kijerumani uliendesha kampeni iliyosimamiwa na Friedrich Karl Kleine kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Imbo ya Kusini, ambako mbung'o walistawi katika vichaka vya ufukweni, iliingizwa katika kampeni hiyo. Madaktari walikuwa wachache, na dalili iliyotafutwa, yaani uvimbe wa tezi za shingoni, ilihitaji vidole vilivyozoea kazi. Huko Kiziba, Bukoba, Waafrika walifunzwa upapasaji wa tezi na kupelekwa vijijini kuwabaini walioshukiwa kuugua.

Ujuzi huo haukuweza kukaririwa. Utaratibu wenyewe ndio uliokuwa somo: kidole kilishuku, sindano ikatoa majimaji ya tezi, hadubini ikaamua kama yalikuwa na vimelea. Kwa kuwa tezi huvimba kutokana na maradhi mengine pia, kidole peke yake hakikutosha.

Hata hivyo, aliyebeba gharama ya somo hilo ni mgonjwa. Atoxyl, dawa yenye arseniki, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa wa Sese. Kwa mwanakijiji, kupapaswa shingo kungeweza kuwa hatua ya kwanza ya kuelekea kwenye dawa hiyo. Msaidizi alihitaji, pamoja na wepesi wa vidole, maneno ya kumfanya mtu akubali kuguswa.

Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa Kijerumani, na biashara ya Ujiji ilikuwa imekwisha kukifikisha katika mwambao huu. Leo wakazi wengi wa Rumonge huzungumza Kirundi na Kiswahili, ilhali elimu ya udaktari nchini Burundi hutolewa kwa Kifaransa. Mafunzo kwa vitendo yanayomzoeza mwanafunzi kugusa bila kumfunza kuomba ridhaa kwa lugha ya mgonjwa yanarithi upungufu ule ule wa kampeni ya malale.