Gari likichemsha: rejeta, maji yake na makosa yanayoua injini

Msimu wa mavuno ukifika, swali hili hurudi kwetu kila mara: gari limechemsha njiani, tufanye nini? Haishangazi. Gari la kijijini hupakia magunia kuliko lilivyoundwa kubeba, hupanda mlima kwa gia namba moja, na hupita kwenye vumbi na nyasi ambazo gari la mjini halizijui. Na gari hilohilo ndilo linalogongewa dirisha usiku wa manane kuna mama wa kukimbizwa hospitali ya wilaya. Injini ikifa, kijiji kizima kimepoteza usafiri.

Sisi wenyewe yametukuta. Gari letu la kurekodia vipindi lilichemsha kwenye kona za mlima Sekenke, tukitoka Nzega kurudi Singida. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeshabadilisha pampu ya maji na mkanda wa feni kwa kubahatisha. Kumbe ugonjwa ulikuwa mfuniko wa rejeta, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekiangalia. Ndiyo maana katika makala haya tunaanza na namna mfumo unavyofanya kazi, kwa sababu asiyeujua hununua vifaa visivyohitajika.

Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hupotea kama joto linaloingia kwenye maji ya injini. Pampu huyazungusha maji hayo ndani ya chuma cha injini. Injini ikiwa bado baridi, kuna mlango mdogo uitwao thamostati ambao hubaki umefungwa ili ipate joto haraka. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu hivi, mlango hufunguka, na maji ya moto huenda kwenye rejeta. Humo hupita kwenye mirija myembamba iliyozungukwa na vibati vyembamba zaidi. Upepo wa mwendo na wa feni huvipooza vibati hivyo, kisha maji hurudi kwenye injini kuanza upya.

Mfuniko nao si wa kuzuia maji yasimwagike tu. Una springi inayoyabana maji. Angalia juu yake utaona namba kama 0.9 au 1.1: hicho ndicho kipimo cha mgandamizo. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Tanga pwani, na kama 94 tu ukiwa Mbeya, kwa kuwa huko ni juu. Yakibanwa na mfuniko mzima wa 0.9, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wa mfuniko ukikauka au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kutoka, ingawa rejeta, pampu na feni ni vizima. Ukibadilisha mfuniko, nunua wenye namba ileile. Usiweke wenye namba kubwa ukidhani ndio bora, maana utapasua mipira au rejeta yenyewe.

Limechemsha. Sasa?

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi kama kipo, washa hita ya ndani mpaka mwisho na fungua madirisha. Mtaunguzwa miguu, lakini hita ni kama rejeta ndogo na huondoa sehemu ya joto kwenye injini. Mshale ukiendelea, au moshi wa mvuke ukitoka, simama mahali salama na uzime gari. Usijidanganye kwamba kijiji kinachofuata kiko karibu. Kilomita mbili za injini isiyo na maji zinatosha kupinda hedi ya silinda.

Baadhi ya magari madogo, Vitz kwa mfano, hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikizidi joto. Ukiiona nyekundu, umeshachelewa kidogo. Hata wenye mshale wasiuamini kupita kiasi: maji yakiisha kabisa, kile kipimo hakigusi maji tena, na mshale unaweza kushuka kana kwamba mambo ni shwari huku injini inaungua.

Hapa ndipo watu hujeruhiwa. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yakipata upenyo hulipuka mara moja kuwa mvuke, na huo hupiga uso na kifua. Subiri nusu saa au zaidi. Tunavyopima sisi ni kwa kuushika mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuubana bila kuungua na bila kuhisi umejaa kama tairi, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, geuza kidogo, acha pumzi itoke, ndipo umalizie. Feni za umeme nazo zinaweza kujiwasha hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo mikono na kanga za watu zikae mbali.

Kosa la pili ni kumwaga maji baridi ya kisimani kwenye injini inayowaka moto. Chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla hupasuka. Subiri kipoe, kisha ongeza kidogo kidogo.

Maji gani?

Kwa dharura barabarani, maji yoyote safi yasiyo na chumvi yanafaa. Tatizo ni kuyafanya maji ya kisima kuwa chakula cha kila siku cha rejeta. Sehemu nyingi za Dodoma, Singida na Shinyanga maji ya visima yana chumvi. Angalia sufuria ya chai nyumbani: ule ukoko mweupe unaoganda ndani ndio huohuo unaoziba mirija ya rejeta, ila wa rejeta huuoni. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Yapo pia maji ya kuongezea betri, lakini hakikisha ni maji na siyo asidi, maana madukani vyote viwili huitwa maji ya betri.

Kilicho sahihi hasa ni kulanti. Wengi husema hiyo ni ya nchi zenye barafu, huku kwetu joto ya nini? Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Huzuia pia kutu, hulainisha pampu, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Soma kopo: nyingine zimeshachanganywa, nyingine ni nzito na huchanganywa na maji laini nusu kwa nusu. Rangi si kigezo cha kuaminika, ila usichanganye aina mbili usizozijua.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tatu, asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko uone maji yamefika shingoni na yana rangi gani. Ya kahawia ni kutu. Chupa ya akiba iwe kati ya alama mbili. Bonyeza mipira, ukihisi inatoa sauti ya kukatika au imelainika kama mkate uliolowa, badilisha. Chungulia chini ya gari kama kuna matone. Kama feni inaendeshwa kwa mkanda, tazama mikwaruzo na ulegevu wake.

Halafu nje ya rejeta. Baada ya kupita mbugani, mbegu za nyasi, wadudu na tope hujaa kwenye vibati. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine za kuoshea magari zikikaribishwa sana hulaza vibati na hewa haipiti tena. Gari lenye kiyoyozi lina rejeta mbili zilizokaribiana, na uchafu hupenda kujificha katikati yake.

Thamostati inastahili neno. Ni mazoea ya gereji nyingi kuitoa na kuitupa, fundi akisema huku kwetu haihitajiki. Hatukubaliani nayo. Injini isiyofika joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Tena kwenye injini nyingi, zikiwemo za Toyota, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha mlimani. Imekufa? Weka nyingine.

Yai, bizari na unga wa kuziba matundu vinazuia tundu, na pia vinazuia mirija. Rejeta za zamani za shaba fundi aliweza kuzichomelea kwa risasi. Nyingi za sasa ni aluminiamu zenye vichwa vya plastiki, na plastiki ikipasuka dawa ni kubadilisha.

Maji yakipungua bila kuvuja nje, moshi mweupe ukitoka bila kukoma, mapovu yakipanda kwenye rejeta au oili ikifanana na chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeungua. Usiendelee kuongeza maji. Mwone fundi.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Kulanti ya kawaida ni sumu, na ina utamu. Mbwa, mbuzi na watoto huionja. Ukimwaga ya zamani, ikinge kwenye beseni, ipeleke gereji inayokusanya, na isimwagwe karibu na kisima wala mtaroni. Inayobaki isiwekwe kwenye chupa ya soda.