Upungufu wa Damu Baada ya Upasuaji wa Kuunganisha Utumbo: Chanzo, Dalili na Tiba

Mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya utumbo na iliyobaki kuunganishwa anaweza kupata upungufu wa damu wiki chache, miezi au hata miaka kadhaa baada ya kidonda kupona. Hali hiyo hutibika, lakini tiba yake hutegemea sehemu iliyoondolewa. Kwa sababu hiyo, kipimo hutangulia dawa.

Katika Afrika Mashariki, upasuaji huo hufanyika kutokana na utumbo kujisokota, utumbo kutoboka kwa homa ya matumbo, ngiri iliyonasa, saratani au majeraha ya ajali. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo himoglobini iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, na chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito.

Kila sehemu ya utumbo ina kazi yake

Madini chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na asidi ya foliki hufyonzwa katika eneo hilo na lile linalofuata. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, karibu na unapoungana na utumbo mpana. Mgonjwa aliyeondolewa zaidi ya sentimita 60 za sehemu hiyo ya mwisho kwa kawaida huhitaji kupewa vitamini B12 maisha yake yote.

Upungufu unaojitokeza mapema aghalabu hutokana na damu iliyopotea kabla ya upasuaji au wakati wake, au maambukizi yanayouzuia mwili kutumia madini chuma uliyonayo. Ule wa vitamini B12 huchelewa, kwa kuwa ini huhifadhi akiba inayoweza kutosha miaka mitatu hadi mitano. Hivyo, mgonjwa huweza kuanza kuugua wakati amekwisha kusahau upasuaji wake.

Wapo pia wagonjwa walioondolewa utumbo mpana wote na kutengenezewa mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba. Mfuko huo ukipata uvimbe, huweza kuvuja damu kidogo kidogo na kumaliza akiba ya madini chuma.

Tahadhari kuhusu vidonge vya kuongeza damu

Vidonge vingi vya kuongeza damu vina madini chuma na asidi ya foliki. Kwa mgonjwa mwenye upungufu wa vitamini B12, asidi ya foliki inaweza kurekebisha kiwango cha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Madhara hayo yakikomaa, huenda yasirekebishike kikamilifu. Ni muhimu, basi, kutotumia vidonge hivyo kwa muda mrefu bila kupimwa.

Dalili na vipimo

Dalili za kawaida ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi. Ganzi miguuni na mikononi, kupepesuka na kusahau huashiria upungufu wa vitamini B12. Kinyesi chenye damu, au cheusi kwa mtu asiyetumia vidonge vya madini chuma, kinahitaji uchunguzi wa haraka.

Daktari huagiza kipimo cha wingi wa damu, akiba ya madini chuma, vitamini B12 na asidi ya foliki. Aidha, huchunguza malaria, minyoo ya safura na selimundu, ambavyo navyo hupunguza damu.

Tiba na lishe

Upungufu wa madini chuma hutibiwa kwa vidonge, au kwa dripu iwapo utumbo haufyonzi vya kutosha. Vitamini B12 hutolewa kwa sindano, ambazo baada ya dozi za mwanzo huendelea kila miezi miwili hadi mitatu. Maini, nyama, samaki na dagaa husaidia, na matunda kama machungwa na mapera huongeza ufyonzaji wa madini chuma. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo.

Wagonjwa wanashauriwa kuomba muhtasari wa upasuaji unaotaja sehemu na urefu wa utumbo ulioondolewa, kuutunza, na kuuonesha katika kila kituo cha afya wanakotibiwa.